Siendi Mlimani, Naenda Nyumbani

Pangani,
5 Novemba 2024.

Mwanangu Hope,

Salamu kutoka kwenye joto. Hujambo? Na huyo wa tumboni anacheza vizuri? Miguu bado inavimba? Mimi mzima kabisa, nakula na nalala. Ndiyo, nalala, usikunje uso. Usiku wa kwanza nililala hadi jua likawa utosini, Tabea akaja kunigusa shingoni kuhakikisha kama bado nipo.

Najua utauliza, mama ana simu, barua za nini? Huku mtandao unapatikana nyuma ya jiko la hoteli tu, tena usimame umeegemea ukuta. Halafu tukianza kuongea wewe unalia, mimi nasema niko salama, wewe unalia tena, salio linakwisha. Mimi nimefundisha darasa la tatu hapo Sekei miaka thelathini, kwenye karatasi najua kusema. Gari la mboga litaifikisha barua hii Tanga, kondakta wa basi la Arusha ataibeba, na mumeo Derick ataichukua stendi. Nawe jibu kwa njia hiyo hiyo.

Tabea anakusalimu sana. Kweli marehemu dada yangu aliacha mtoto. Anasimamia jiko la hoteli hii ndogo ya ufukweni, wageni wake ni Wazungu wa kuzamia baharini, na amenipa chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama maji. Watu wa huku wananiita Bi Ndeshi. Nikiitwa hivyo nageuka kumtafuta huyo mwanamke ni nani, nimezoea Mama Hope.

Nilisema wiki mbili, najua. Zimepita. Nyumba nimekuachia wewe na mumeo, na nashukuru mlihamia kwangu kunisaidia kumuuguza baba yako. Lakini acha nikwambie ukweli: chumba kile siwezi kulala mle. Baba yako katuacha tangu Julai, ila ule mtungi wake wa oksijeni umesimama palepale kando ya kitanda, na nikizima taa tu nausikia, sss, sss. Najua umefungwa. Nausikia hivyo hivyo. Mwaka mzima nililala nikisikiliza pumzi za Abdiel, moja ikitoka nangoja kama nyingine itakuja. Mtu aliyekuwa akiimba besi kanisani mpaka benchi linatetemeka chini yako! Sasa hakuna tena cha kusikiliza, na masikio hayajui hilo. Huku bahari inahema yenyewe usiku kucha bila kuhitaji mtu wa kuilinda, basi nami napata usingizi.

Usiogope. Mtoto ni wa Machi, na sijasikia mama wa Kichaga aliyemwacha binti yake azae halafu anyweshwe uji na majirani. Nitakuja nikupikie mtori wa ndizi na nyama mpaka uukimbie. Miezi mitatu hutashika ufagio.

Mama yako akupendaye,
Mama.


Sekei, Arusha,
17 Novemba 2024.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo huko uliko. Mimi sijambo kiasi, ni miguu tu, viatu vyote vimenikataa na sasa nashinda na kandambili. Mtoto anacheza sana, hasa kwaya ikianza mazoezi pale usharikani. Nadhani amechukua kwa babu yake.

Mvua zimeanza. Mlima haujaonekana wiki nzima, na maua ya jakaranda yamelala barabarani, njia nzima imekuwa ya zambarau. Nilipita nikakukumbuka, maana wewe hukubali kuyakanyaga, unayazunguka kama vile yana mwenyewe.

Mama, ule mtungi. Derick alitaka kuupeleka stoo, nikamfokea mpaka baadaye nikamwonea huruma. Sijui kwa nini. Nimefunga mlango wa chumba chenu, ufunguo nimeuweka kwenye kopo la majani ya chai, na siingii. Ukirudi utaamua mwenyewe.

Sasa nisikilize na mimi. Derick msimu wake ndio unaanza. Februari yote atakuwa na watalii kule Ndutu, nyumbu wanakozalia, na huko simu hazishiki. Nyumbu wana bahati, wao watazaa Derick akiwaangalia. Mimi nina wewe tu. Sisemi hivyo ili ulie, nasema ili ujue. Naogopa kuzaa, mama. Mbele za watu nacheka, nikibaki peke yangu nashika tumbo nawaza ni nani atanishika mkono.

Rudi kabla ya Krismasi twende wote Machame.

Mwanao,
Hope.


Pangani,
3 Desemba 2024.

Mwanangu Hope,

Amani iwe nyumbani humo. Mnaendeleaje? Chumvi umepunguza kama daktari alivyosema, au bado unajificha na chipsi? Huku tu wazima.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Mama yako ameingia baharini. Si kulowesha miguu. Nimeingia mzima, na kichwa.

Kuna binti hapa anaitwa Mwanahamisi, mzaliwa wa Pangani hii hii, kazi yake kuwafundisha wageni kuzamia na mtungi mgongoni. Kila akipita ananikuta nimekaa mchangani natazama maji. Siku moja akasema, "Bi Ndeshi, unavyoitazama bahari utadhani imekukosea. Si uingie ukaiulize?" Nikamwambia mimi mtu wa bara, maji yangu ni ya ndoo. Akacheka, akaenda zake. Kesho yake akaja na mtungi.

Hope, nilipouona nilinyanyuka nikaondoka. Ni uleule! Chuma kilekile, koki ileile juu, mpira uleule. Nililia nyuma ya jiko mpaka Tabea akaacha wali ukaungua. Mwanahamisi alinifuata, akakaa kando yangu. Nikamsimulia habari za baba yako zote, na yeye anachora mchanga kwa kidole. Nilipomaliza akasema taratibu, "Lakini humu hamna oksijeni ya mgonjwa. Ni hewa tu, hii hii unayohema hapa, imeshindiliwa. Huu ni mtungi wa wazima wanaokwenda kutembea."

Wanaokwenda kutembea! Sijui kwa nini neno hilo lilinigeuza, lakini lilinigeuza.

Daktari wa kituo cha afya alinipima kifua na presha, akasema hata yeye angetamani moyo kama huu. Basi wakanivika nguo nyeusi ya mpira, inabana kuliko kanga ya kufungia tumbo la mzazi. Mkanda wenye vipande vizito vya risasi kiunoni ili nizame. Miwani. Na viatu virefu vya mapezi, ukivivaa nchi kavu unatembea kama bata wa sikukuu. Tabea alicheka mpaka akakaa chini. Tukaenda hadi maji ya kifuani, tukapiga magoti. Mwanahamisi akanipa kanuni ya kwanza, akasema hata nikisahau nyingine zote nisisahau hiyo: usibane pumzi. Utakachokiona, utakachokiogopa, wewe hema tu. Nikaweka kile kidude mdomoni, nikainamisha kichwa.

Kimya. Halafu nikasikia mtu anahema karibu yangu, polepole, kwa nguvu, pumzi moja, kisha nyingine. Nikageuka kumtafuta. Hapakuwa na mtu, Hope. Alikuwa ni mimi.

Niliibuka nikalia tena, ila kilio hicho kilikuwa kingine, usiniulize cha namna gani. Kesho tunarudi.

Mama yako,
Mama.


Sekei,
15 Desemba 2024.

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Wewe nakuuliza kwa kumaanisha: u mzima?

Miaka sitini na mbili, mama! Baharini! Mtu ambaye pale Ziwa Duluti alitukataza hata kurusha jiwe, eti lile ziwa halina mwisho! Nilimsomea jirani yetu Agnela barua yako, akashika mdomo, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama ulivaa suruali. Sasa akina mama wote wa usharika wanajua. Jumapili mmoja ameniuliza kama umebadili dini.

Nacheka, lakini nimekasirika. Baba tumemzika mwaka huu huu. Mimi sina mzazi wa akiba.

Na Krismasi huji. Hukuandika, lakini nimekuelewa. Wachaga wote wanapanda kwenda nyumbani, hata wale wa Marekani wamekuja, na sisi tutafika Machame na gari lina kiti kitupu. Shangazi zangu wakiniuliza mama yako yuko wapi, niseme nini? Niseme yuko chini ya maji anahema?

Baba alipofariki wewe ulifiwa na mume, hilo silisahau. Mimi nilifiwa na baba, halafu mama naye akafungasha.

Mwanao,
Hope.


Pangani,
9 Januari 2025.

Mwanangu wa pekee,

Mwaka mpya uwe na heri kwako na kwa huyo mgeni wetu. Pole na uchovu, pole na mzigo. Tumbo limeshuka au bado liko juu? Nilale huku najua unakula vizuri.

Barua yako imenichoma, na ilikuwa na haki ya kunichoma. Krismasi nilikula pilau na Tabea, na kengele za Machame zililia masikioni mwangu mpaka jioni. Sikuja kwa sababu nilijua wangeniketisha kwenye kiti cha mjane, na kila anayepita angeshusha sauti. Huku hakuna anayeshusha sauti kwa ajili yangu, wananipigia kelele kama watu wengine. Nisamehe, nilihitaji kelele hizo.

Sasa nikueleze ninachokiona, usije ukakionea wivu kitu usichokijua. Fumba macho, Derick akusomee.

Boti inatupeleka mpaka kwenye matumbawe. Si kina kirefu, hata mnara wa kengele wa usharika wetu ungetokeza juu ya maji. Mwanahamisi hunishika mkono, tunashuka taratibu tukifuata kamba. Masikio yanabana, unaziba pua unapuliza, yanafunguka, kama yale ya kwenye basi ukiteremka kutoka Arusha kwenda Same. Halafu uzito unaondoka. Magoti yangu haya ya kupakwa dawa kila jioni, sina habari nayo kabisa! Ukinyoosha mkono unabaki palepale ulipouacha. Unaweza kulala hewani ukitaka, usianguke popote.

Na kule chini kumestawi, mwanangu. Kuna matumbawe kama kabichi zilizosahaulika shambani mpaka zikampita mtu ukubwa. Kuna mengine ya matawi, ya zambarau, nikakumbuka jakaranda zako. Sikuyagusa, hayaguswi, Mwanahamisi ni mkali kwa hilo kuliko mimi na madaftari. Kuna samaki wa kijani wanamwita pono, anatafuna jiwe na unamsikia kabisa, kwarakwara, kama Agnela na bisi zake. Kuna vidogo vya rangi ya chungwa, vinakaa ndani ya kitu kama majani laini yanayocheza. Ukisogea vinatoka kukufokea, halafu vinakimbilia ndani. Nilicheka nikanywa chumvi. Juzi akaja kasa. Alinipita karibu kiasi cha kumshika, akanitazama kwa jicho lile la kizee, akaendelea na safari zake. Mwanga unateremka kutoka juu, unatembea kwenye mchanga, unatembea kwenye mikono yangu, na pete ya baba yako inang'aa kama aliinunua jana.

Utaniuliza kama huko chini namwona baba yako. Nilidhani nitamwona. Simwoni. Nasikia pumzi yangu tu, na siku hizi sigeuki tena kumtafuta mwenyewe.

Narudi, Hope. Nimekata shauri. Jumatano tarehe kumi na mbili Februari, saa sita mchana, naondoka na gari la hoteli mpaka Segera, nidake basi linalotoka Dar, usiku niko Sekei. Itakuwa wiki tatu kabla ya mtoto. Weka maji ya chai.

Mama yako,
Mama.


Sekei,
28 Januari 2025.

Mama mpendwa,

Shikamoo, na habari za huko. Huku joto, vumbi, na mlima uko wazi kutwa nzima. Presha yangu imepanda kidogo. Daktari anasema usishangae mtoto asipoingoja Machi. Derick anaondoka Jumatatu na watalii wake.

Nilifumba macho kama ulivyosema. Derick anasoma vibaya, anakimbiza maneno kama yuko porini na simba ametokea, lakini yule kasa nilimwona. Usiku nikamwota. Ulikuwa umekaa mgongoni kwake unasahihisha madaftari, na wala hamkuwa na haraka.

Tarehe yako nimeibandika kwenye friji. Krismasi nimekusamehe, imekwisha. Hii nakuambia mapema kwamba sitaweza kuisamehe. Tarehe kumi na mbili, mama. Sikuombi kitu kingine.

Mwanao,
Hope.


Pangani,
12 Februari 2025.

Hope mwanangu,

Leo sijui nikusalimu vipi. Hali yako naijua, uko hospitali na uchungu, na mimi niko huku na begi langu miguuni. Barua hii simpi dereva. Nitakuja nayo mkononi, utasoma ukitaka.

Ilikuwa hivi. Begi nilifunga jana. Asubuhi na mapema nikaona nishuke mara moja tu kuaga, maji yalikuwa yametulia mpaka chini panaonekana kama uani. Tulishuka, tukazunguka, nikamuaga pono na jiwe lake. Tukapanda polepole, mapovu yetu yakitutangulia, kama inavyotakiwa. Tumekaa kwenye boti nikamwambia Mwanahamisi nikitoka hapa naoga, saa sita naondoka. Akaacha kukunja kamba.

"Bi Ndeshi, si nilikwambia ukizamia hupandi mlimani mpaka siku ipite?"

"Ulisema. Lakini siendi mlimani, naenda nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Arusha."

"Na Arusha iko wapi?"

Hope, miaka yote hii! Kwetu mlima ni ule unaotuchungulia juu ya migomba. Mlima ni mahali wanakopanda wageni na fimbo zao, wanarudi wamebabuka pua. Nani amewahi kukaa Sekei, na lami na maji ya bomba, akasema anaishi mlimani? Kila aliponionya nilitikisa kichwa na kujisemea moyoni, mwanamke wa umri wangu apande Meru kutafuta nini. Kumbe kwa mtu wa baharini nyumba yetu yote iko juu mlimani, na jiko lake, na kitanda chako.

Akanieleza tena, safari hii nikasikiliza. Ile hewa iliyoshindiliwa imeingia kwenye damu. Inataka muda itoke taratibu. Ukipanda juu kabla, inafura ndani kama soda iliyotikiswa, inaweza kukamata viungo, mgongo, hata kifua. Akasema ukweli kwamba hatukwenda kina kirefu, huenda nisipate kitu. Huenda. Tukiwa bado hapo Tabea akaja mbio, mikono ina unga: Agnela amepiga, chupa ya uzazi imepasuka, wako kwenye teksi.

Begi nililibeba. Nataka ulijue hilo. Nilibeba begi nikaingia kwenye gari nikamwambia dereva twende. Tabea analia, Mwanahamisi amesimama mbele ya gari amekataa kutoka. Nilimtukana yule binti, Mungu anisamehe, maneno ambayo hata baba yako hakuwahi kuyasikia kwangu. Halafu nikajisikia ninavyohema, juujuu, kama baba yako mwezi ule wa mwisho. Nikaona nafika kwako na kifua kimekamatwa, na badala ya mimi kukupikia, nyinyi mnanilaza kwenye kitanda kile, mtungi unafunguliwa tena. Na wewe umekaa kando na kichanga mkononi unasikiliza kama pumzi nyingine itakuja. Nikashuka kwenye gari.

Sijui kama nimefanya sawa. Uliniomba kitu kimoja na sikukifanya. Laiti nisingeshuka majini leo, sasa hivi ningekuwa napita Same. Nilitaka kuaga samaki, Hope! Nimekaa nyuma ya jiko kutwa nzima nimeegemea ukuta ili simu ishike, na bahari iko pale mbele inang'aa, na leo sitaki hata kuiona.

Jioni. Agnela amepiga. Mvulana. Amemsogezea simu nikamsikia, amelia, akanyamaza, nikangoja, akavuta pumzi akalia tena. Nikasema nipe mama yake. Agnela akanong'ona pembeni, kisha akasema umechoka. Mimi nimezaa pia, najua uchovu ulivyo, na najua umekataa.

Kesho basi la kwanza kutoka Tanga. Mtungi msiuguse. Nitautoa mwenyewe.

Mama yako,
Mama.


Sekei, chumbani kwangu,
15 Februari 2025.

Mama,

Shikamoo. Najua uko jikoni, nakusikia unavyokoroga. Naandika kwa sababu mdomo bado haujataka, na kusema kwa karatasi wewe ndiye uliyenifundisha.

Juzi ulipofika nilikugeuzia mgongo. Mtori uliouleta sikuugusa, nikaomba uji wa Agnela makusudi, nikaunywa ukiniangalia. Jana hivyo hivyo. Nilitaka uumie. Mama, nilishikwa mkono na nesi ambaye hata jina lake silijui, na nilikuwa namwita mama.

Asubuhi nimekuta barua chini ya chupa ya chai, na juu yake jani la isale, umelichuma kwenye uzio wetu, lina umande bado. Huo ni ujanja! Unajua Mchaga akiletewa isale hana pa kukimbilia, hata aliyemwaga damu husamehewa. Lakini mzazi kumwekea mwanawe isale sijawahi kusikia popote. Nimelishika nikalia mpaka mwanangu Sifael akaamka.

Nimesoma yote. Nimekuona ndani ya lile gari. Ungekuja siku ile ningefurahi kuliko nilivyowahi kufurahi, na sijui kama leo ningekuwa na mama wa kumnunia. Mimi ndiye niliyekuambia sina mzazi wa akiba. Bado inauma, sitakudanganya. Inauma na nashukuru, vyote kwa pamoja, na sijui nianze na kipi.

Alfajiri pia nilikusikia. Ulifungua kopo la majani ya chai ukatoa ufunguo. Halafu chuma kikaburutwa sakafuni, kikapita mlangoni kwangu, mpaka nje. Halafu ukafagia. Nikatega sikio nikusikie unalia, nikakusikia unahema tu.

Sifael amelala kifuani kwangu. Jina ni la babu yake mzaa baba kama desturi ilivyo, lakini hii pua ni ya marehemu baba, njoo uione vizuri, juzi sikukuacha uione. Derick amepata mtandao jana, amelia kuliko mtoto. Mimi tangu nimzae kazi yangu ni kusikiliza anavyohema, pumzi ikichelewa kidogo nashtuka. Na leo nimejigundua kwamba nikimsikiliza yeye, yangu naibana. Nadhani nimeibana tangu Julai. Nifundishe kama ulivyofundishwa.

Akikua utatupeleka tukamwone huyo kasa. Tutakaa pale chini mpaka siku ipite, ndipo tupande mlimani.

Mlango haujafungwa, sukuma tu. Uje na bakuli kubwa. Harufu ya mtori inanitesa tangu juzi, na najua umeweka nyama nyingi makusudi.

Mwanao mwenye njaa,
Mama Sifael.